Nguo zilizotekwa baharini kwa hati ya Malkia: Madre de Deus, Zanzibar na marobota 950 ya Malaka (uzi mrefu)

Pwani_ya_Kale (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa viungo watu walibishana sana: Waingereza walipoingia biashara ya Asia, mtaji wa kununulia pilipili manga waliutoa wapi? Wengi wakajibu kwa neno moja, fedha. Fedha walikuwa nayo, sikatai. Lakini fuatilia safari ya kwanza ya kampuni yao ya East India, iliyopewa hati na Malkia Elizabeth I tarehe 31 Desemba 1600, utakuta kilichowanusuru ni marobota ya nguo za Kihindi. Na nguo hizo hawakuzinunua kwa mtu. Walizipakua kutoka meli iliyotoka makao ya Wareno, katika mlango bahari wa Malaka, mwaka 1602, vita vikiwa bado vinaendelea.

Nitaieleza kwa mafungu, maana ina mambo mengi na Zanzibar imo ndani. Mwenye swali aulize katikati, sina haraka.

Naanza na karatasi, kwa sababu bila karatasi habari nzima haieleweki.

Mei 1585 Mfalme Philip II wa Hispania aliamuru meli za Kiingereza zilizokuwa kwenye bandari zake zikamatwe. Wafanyabiashara waliopoteza mali wakaenda kwenye mahakama ya bahari ya London, wakaonyesha hasara yao, wakapewa hati ya kulipiza: ruhusa ya kukamata mali ya Mhispania yeyote baharini mpaka hasara ifidiwe. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Haikuchukua muda, ule uthibitisho wa hasara ukabaki jina tu. Aliyekuwa na chombo, mizinga na mdhamini aliipata hati hata kama hajawahi kupoteza kitu Hispania. Na kwa kuwa Philip alikuwa ameshautwaa ufalme wa Ureno tangu 1580, Mreno naye akaingia kwenye hesabu ya maadui, pamoja na kila alichobeba kutoka India.

Mgawo wa ngawira ulikuwa na kanuni. Fungu la kumi ni la Lord Admiral, mkuu wa bahari. Kinachobaki kinakatwa mara tatu: theluthi ya wenye chombo, theluthi ya waliotoa chakula na baruti, theluthi ya mabaharia. Baharia hakuwa na mshahara, alikula alichokamata. Tena kulikuwa na desturi kwamba vitu vilivyo nje ya ngama (tumbo la meli la kuwekea shehena), yaani vya sitahani na vya vyumba vya abiria, mabaharia wanajichukulia, ila shehena ya ngamani ni ya wenye hisa na haiguswi mpaka bandarini.

Hiyo desturi ya mwisho ishikeni vizuri.

---

Wakili_wa_Tanga

Mkuu nimekaa, shusha. Ila tangu mwanzo niseme, mimi sioni tofauti. Mtu anakuja na mizinga anakunyang'anya marobota yako, huo ni uharamia. Karatasi ya Malkia wake inamhusu nini mwenye mali?

---

Pwani_ya_Kale

Mkuu Wakili, ukisimama kwenye sitaha ya yule anayeporwa, uko sahihi kabisa. Mzinga ni ule ule.

Tofauti ilikuwa nchi kavu. Haramia asiye na hati akikamatwa alinyongwa pale Wapping, ukingoni mwa Thames, na watu wakienda kutazama. Mwenye hati aliileta meli bandarini mchana, mahakama ikaitangaza kuwa ngawira halali, kodi ikalipwa, mali ikauzwa, na mnunuzi akapata mali safi. Ndiyo maana wafanyabiashara wakubwa wa London, watu wenye heshima zao na viti vyao kanisani, waliweka hisa kwenye meli hizi. Hati iliwafanya wezi wa bahari wakopesheke. Na mimi naona hapo ndipo ubaya ulipokuwa mkubwa zaidi: haramia mmoja anachoka au anakufa, lakini biashara yenye hisa, mahakama na mnada inaendelea hata akifa nahodha.

Naendelea na Madre de Deus.

---

Pwani_ya_Kale

Meli za Wareno za njia ya India zilikuwa majumba. Madre de Deus ilikadiriwa tani 1,600, ina sitaha 7, mizinga 32, na watu kati ya 600 na 700. Iliondoka India mwanzoni mwa 1592 imejaa hadi juu. Agosti mwaka huo ilikuwa inapita visiwa vya Azores, katika bahari ya Atlantiki, kurudi Lisbon, na Waingereza walikuwa wanaisubiri karibu na kisiwa cha Flores. Hawakuwa jeshi moja. Zilikuwa meli za wenye hisa mbalimbali: za kundi la Walter Raleigh chini ya Sir John Burgh, za Earl wa Cumberland, ya Christopher Newport iliyotumwa na wafanyabiashara wa London, na moja ya Malkia mwenyewe. Walipigana nayo mchana kutwa hadi usiku, wakaishinda kwa kuidandia.

Kilichofuata ni ile desturi ya vitu vya nje ya ngama. Kila kundi lilisema sisi ndio tuliopanda kwanza. Wakavunja masanduku na vyumba, wakajaza vifua na mifuko vito, lulu, miski, ambari. Tarehe 7 Septemba meli ikaingizwa Dartmouth, na wachuuzi walikuwa wameshakimbilia huko kutoka London kununua kwa mabaharia, vitu vya thamani vikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Serikali ikamtuma Robert Cecil, mshauri wa Malkia. Aliandika akiwa njiani kwamba kila aliyekutana naye karibu na Exeter akiwa na begi au joho lenye harufu ya ngawira, alimrudisha. Harufu, wakuu. Miski na ambari vilikuwa vimeingia kwenye nguo na mizigo kiasi kwamba mwizi alitambulika kwa pua barabarani. Raleigh alikuwa amefungwa kwa kumuoa kwa siri mmoja wa wanawake waliomhudumia Malkia. Ikabidi atolewe na mlinzi wake aende Dartmouth, kwa sababu mabaharia walimsikiliza yeye.

Makadirio ya thamani ya awali yalifika nusu milioni ya pauni. Kilichobaki baada ya wizi kilihesabiwa karibu pauni 150,000. Hata hicho kilihitaji meli 10 kukipeleka London, na mali ikaorodheshwa Leadenhall.

---

Mama_Vitambaa_Kkoo

Kaka yangu, mimi nauza vitambaa, hayo ya vito waachie wengine. Robota lilikuwa na nini ndani? Nguo gani hasa?

---

Pwani_ya_Kale

Dada yangu umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Orodha ya Leadenhall ilichapishwa na bado inasomeka. Kwenye hariri kulikuwa na hariri ya maua, tafeta, hariri nyepesi za bitana, hariri mbichi ya Uchina ambayo haijafumwa, na nguo za kuiga zari, zinazong'aa kama zimefumwa kwa dhahabu kumbe sivyo. Kwenye pamba ndipo orodha inapokuwa ndefu, maana waliigawa kwa madaraja kama ungefanya wewe dukani: bafta nyeupe pana, bafta laini iliyotiwa wanga, nyeupe nzito, za kahawia pana, za kahawia nzito, nyepesi za kupitisha mwanga, na zile zilizokunjwa mkunjo wa kitabu. Halafu vyandarua vya vitanda, taulo nzito zenye nakshi za kufumwa, mafarishi ya hariri na ya pamba, na mazulia yaliyofanana na ya Uturuki.

Anayeandika orodha ya namna hiyo anajua pamba. Au amelazimika kumwita anayejua, kwa sababu bei ya nyeupe pana na ya kahawia nzito hazikaribiani.

Kuna kitu kimoja kingine cha meli hii ambacho kila nikikisoma nakaa kimya. Ndani yake kilikutwa kitabu cha Kilatini kilichochapishwa Macau mwaka 1590, chenye habari za Uchina. Kilikuwa kwenye kisanduku cha mwerezi unaonukia, kimezungushiwa kitambaa laini cha Calicut karibu mara mia. Richard Hakluyt, aliyekusanya habari za safari hizi, ndiye aliyeyaandika hayo. Aliyekifunga alikihofia maji ya chumvi, akaona hakuna cha kukilinda zaidi ya bafta nzuri. Waingereza walipata kitambaa na ujuzi wa Mashariki kwenye kifurushi kimoja.

Mgawo? Malkia alichukua kiasi cha pauni 80,000 kwa hisa ndogo. Raleigh alilalamika kwa barua kwamba yeye na mshirika wake John Hawkins waliweka 34,000 wakarudishiwa 24,000, wakati Cumberland aliweka 19,000 akapata 36,000. Mwenye dola hukata nyama kwanza.

---

Mama_Vitambaa_Kkoo

Zilizokunjwa mkunjo wa kitabu! Hata leo zipo zinazokuja hivyo, ukishika tu ukingo unajua. Endelea kaka, na hiyo Zanzibar usiisahau.

---

Pwani_ya_Kale

Zanzibar ndiyo hii.

Aprili 1591 meli tatu ziliondoka Plymouth kwenda bahari ya Hindi. Hazikwenda kununua, zilikwenda kuwinda Wareno. Moja ilirudishwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema ikiwa na wagonjwa. Ya pili, Penelope, ilipotea kwenye dhoruba na haikuonekana tena. Ya tatu, Edward Bonaventure ya nahodha James Lancaster, ilipigwa radi ikaua watu 4, ikapoteza wengine wengi Komoro waliposhuka kuchota maji, na Novemba ikatia nanga Zanzibar. Ndiyo meli ya kwanza ya Kiingereza inayojulikana kufika hapo. Ilikaa mpaka 15 Februari 1592.

Wareno walikuwa na kituo kidogo kisiwani. Waliwaambia wenyeji kwamba hawa waliokuja ni watu wakatili na wanakula watu, anayependa usalama wake asiwasogelee. Lancaster naye alikamata chombo kidogo kilichokuwa kinapita, na humo akamkuta sharifu. Akamtendea kwa adabu, na mtawala wa kisiwa, aliposikia sharifu wake yuko salama, akapeleka chakula cha miezi miwili ili amkomboe.

Habari zao zinaeleza vyombo vyenyewe: tanga la mkeka wa makuti, mbao zimeshonwa kwa kamba na kubanwa kwa vigingi vya mti. Mtu wa Lamu au Pate akisoma hapo anauona mtepe mbele yake.

Sasa pangeni kalenda. Wakati Lancaster amekaa Zanzibar, Madre de Deus ilikuwa inang'oa nanga India kwenda kukutana na Waingereza wengine Azores. Bahari moja, majira yale yale, na mtego uko pande zote mbili.

Kutoka Zanzibar Lancaster alikwenda hadi Malaka. Mabaharia wengi walikufa, waliobaki wazima walikuwa wachache mno, lakini waliendelea kuwinda. Kuna jambo nataka Wakili alione: walikamata vyombo, na walipoambiwa mali ya viwili ni ya wafanyabiashara wa Pegu, kule Burma, waliviachia. Mali ya Mreno walibeba. Hiyo ni karatasi inafanya kazi hata mbali na London, maana ngawira isiyo ya adui ingewaletea kesi.

Baadaye wakaipata meli ya tani kama 700 kutoka Goa, makao makuu ya Wareno India. Ndani: bahameli, tafeta, hariri, vitambaa vya manyoya, kofia nyekundu za sufu ya Hispania, soksi, viatu, mvinyo, glasi za Venice, vito bandia, karata. Duka zima linaelea. Walichukua vilivyo bora wakaiacha na vilivyobaki, kwa sababu hawakuwa na nafasi wala watu wa kuvibeba.

Lancaster alirudi nyumbani 1594 bila meli yake. Lakini alirudi anajua kitu: kwenye maji yale kinachotembea kutoka India kwenda mashariki ni nguo.

---

BintiMvita

Ndugu yangu Pwani, ahsante kwa kazi hii. Ila kuna lililonikaa rohoni. Unawaeleza Wareno kama walioporwa, nami nakubali waliporwa. Sisi wa Mombasa twajua walivyoanza wao. Hebu lieleze na hilo, watu wasije wakawaonea huruma bure.

---

Pwani_ya_Kale

Dada BintiMvita, umesema kweli na nilikuwa nakuja huko.

Mwaka 1503, miaka karibu 90 kabla ya Lancaster, nahodha Mreno Ruy Lourenço Ravasco alikaa mbele ya Zanzibar akikamata vyombo vya wenyeji kimoja kimoja. Vilikuwa kama 20. Shehena yake inajulikana: pembe za ndovu, magamba ya kasa, nta, asali, mchele, kamba za kumbi, nguo za hariri na za pamba. Wenye vyombo walilipa wakaachiwa, na mtawala akakubali kulipa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Hakukuwa na vita hapo kabla ya yeye kuvileta.

Agosti 1505 Francisco de Almeida, akiwa ametoka kuipora Kilwa, aliipora Mombasa. Habari za Wareno wenyewe zinasema mji ulikuwa na nguo nyingi za pamba zilizowekwa kwa ajili ya Sofala, bandari ya dhahabu huko Msumbiji, kwa sababu Mombasa ndiyo iliyokuwa ikiigawia pwani nguo. Kulikuwa na nguo za hariri na za nyuzi za dhahabu, na mazulia, na zulia moja lililoonekana halina mfano likapelekwa kwa mfalme wa Ureno.

Nguo hizo zilikuwa fedha ya pwani. Nguo za Khambhat, kule Gujarati, zilikwenda Sofala kununua dhahabu, zilikwenda bara kununua pembe. Ukimnyang'anya mfanyabiashara wa Mombasa marobota yake mwaka 1505, umemnyang'anya dhahabu ya Sofala ambayo bado hajaifikia. Kisha Wareno wakalazimisha vyombo vya bahari ya Hindi vibebe hati yao ya kupita, cartaz. Asiyekuwa nayo, mali yake halali yao. Kwa hiyo hati iliyowafanya Waingereza waone ngawira ya Mreno ni halali, Mreno mwenyewe alikuwa ameshaitumia dhidi yetu kwa namna yake miaka mingi.

Simwonei huruma mwenye cartaz. Nawaonea huruma waliokuwa na mali ndani ya meli hizo bila kuwa na bendera yoyote.

---

BintiMvita

Hapo sawa. Ahsante sana.

---

Msafiri_Muscat

Wakuu nafuatilia kutoka huku Ghuba. Mkuu, tupe sasa hiyo ya Malaka, marobota 950.

---

Pwani_ya_Kale

Haya, hapa ndipo ninapotaka tukae.

Februari 1601 kampuni mpya ilituma meli zake. Kubwa yao ilikuwa Red Dragon, na huyu Red Dragon aliwahi kuitwa Malice Scourge, chombo cha uwindaji cha Earl wa Cumberland, wakakinunua. Mkuu wa msafara: James Lancaster yule yule. Walibeba fedha ya sarafu, na bidhaa za kwao: sufu, chuma, risasi, bati. Juni 1602 wakafika Aceh, Sumatra, kwa Sultani Alauddin Riayat Shah. Sultani aliwapokea kwa heshima kubwa, akapewa barua ya Malkia, akawapa ruhusa ya biashara bila ushuru.

Tatizo likawa soko. Pilipili ilikuwa chache na bei iko juu kuliko walivyotarajia. Na sufu ya Kiingereza nani ataivaa Sumatra? Watu wa visiwa vile walitaka nguo za India: pamba za Gujarati, chiti za rangi za pwani ya Coromandel, zinazovaliwa harusini, zinazofunika maiti, zinazopelekwa kwa wakubwa kama heshima. Mwenye nguo hizo alinunua pilipili, karafuu, kungumanga na basibasi. Asiyekuwa nazo alisubiri.

Lancaster akaamua kuzitafuta pale zinapopita. Aceh kulikuwa na balozi wa Wareno aliyetaka kuondoka, na angefika Malaka, mji uliokuwa mikononi mwa Wareno, angetoa taarifa. Lancaster akamwomba Sultani amcheleweshe. Sultani akafanya hivyo. Waingereza wakatoka pamoja na chombo cha Waholanzi cha Joris van Spilbergen, maana Uholanzi nayo ilikuwa vitani na Philip, sasa Philip III.

Tarehe 3 Oktoba 1602 meli kubwa ikaonekana. Ilitoka São Tomé, makao ya Wareno pale Mylapore, ambapo leo ni sehemu ya jiji la Chennai, inakwenda Malaka. Ndani walikuwamo zaidi ya watu 600, wanawake na watoto wakiwemo. Giza lilikuwa linaingia. Waliirushia mizinga, kisha Lancaster akaamuru wasiendelee kupiga, akihofia risasi moja ya bahati mbaya itatoboa pale maji yanapogusa ubao na meli itazama na nguo zake zote. Hakuwa anawahurumia watu. Bafta iliyolowa chumvi haiuziki, na iliyo chini ya bahari ndiyo kabisa. Asubuhi ikasalimu amri.

Na hapa ndipo lile fundisho la Madre de Deus lilipofanya kazi. Lancaster hakupanda kwenye meli iliyotekwa, ili mtu yeyote asije akasema amejichukulia. Aliwahamishia maofisa wa Kireno kwenye meli zake, akaweka wachache wa kuaminika kulinda, akakataza uporaji wa vyumba, na kila kilichopakuliwa kilipokelewa upande wa pili na kuhesabiwa. Kazi ilichukua siku tano au sita. Walitoa vifurushi 950 vya bafta na chiti, pamoja na bidhaa nyingine. Kisha upepo ukachafuka, wakaiacha meli iende na waliokuwamo.

Imeandikwa kwamba alisema Mungu amemwondolea mzigo mkubwa: sasa ana cha kujaza meli alizonazo, na angekuwa na nyingine angezijaza pia, shida yake imegeuka kuwa wapi aziweke nguo asizoweza kuzibeba. Namwamini kwamba alimaanisha. Ndilo linalonisumbua zaidi kwenye habari hii yote.

---

Wakili_wa_Tanga

Mkuu, hiyo ya kuhesabu na kutopanda melini ni udhibiti wa hali ya juu. Swali langu la kisheria: mwenye mali alikuwa nani? Maana meli ya Mreno haina maana shehena yote ni ya Mreno.

---

Pwani_ya_Kale

Ndilo swali gumu kuliko yote.

Wareno wa São Tomé hawakuwa dola kubwa. Wengi walikuwa wafanyabiashara binafsi waliooa na kuishi pale, wakifanya biashara na wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani ile, wakikopeshana na kushirikiana shehena. Mfumaji kwa kawaida alikuwa ameshapewa fedha ya mbele kabla hajakaa kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo kufikia Oktoba aliyebeba hasara ni aliyetoa fedha ile na aliyemkopesha. Deni la nguo halikuzama. Lilibaki Coromandel, likisubiri meli ambayo itarudi tupu.

Kesi iliyokuja kuandikwa kwa kina ni nyingine. Februari 1603, miezi michache baadaye, Mholanzi Jacob van Heemskerk aliiteka Santa Catarina ya Wareno karibu na Singapore, imejaa hariri mbichi ya Uchina na kauri. Mnada wake Amsterdam ulipita guilder milioni 3. Baadhi ya wenye hisa wakaona haya kupokea mali ya uporaji, na kampuni ya Kiholanzi ikamtafuta mwanasheria kijana, Hugo Grotius, aandike utetezi. Sehemu ya utetezi huo ndiyo iliyochapishwa 1609 kwa jina la Mare Liberum, bahari huru, ambayo wanafunzi wa sheria za kimataifa wanaisoma hadi leo. Ilianzia kwenye kutetea marobota ya hariri ya mtu mwingine.

---

Wakili_wa_Tanga

Nimeisoma Grotius chuoni, na hakuna mwalimu aliyenitajia hariri. Ahsante mkuu.

---

Mama_Vitambaa_Kkoo

Na zile 950 ziliishia wapi? Ziliuzwa rejareja?

---

Pwani_ya_Kale

Banten, Java, dada. Waliingia huko Desemba 1602. Mfalme alikuwa bado mtoto, mji unaendeshwa na wakubwa, na bandari imejaa Wachina, Wagujarati na wengine. Waingereza wakafungua marobota na kuanza kubadilisha kwa pilipili. Ndani ya majuma matano walikuwa wameuza nguo zaidi ya zilizohitajika kujaza meli mbili walizokuwa nazo pale. Pilipili ikaingia kwa magunia, na nguo zilizobaki zikaachwa mikononi mwa watu wao waliobaki Banten. Hapo ndipo ilipoanza nyumba yao ya kwanza ya biashara kusini-mashariki mwa Asia. Stoo yake ya kwanza ilikuwa na nguo za meli ile.

Ndiyo maana nilianza na swali la mtaji. Tangu hapo walielewa kabisa kwamba pilipili hununuliwa kwa nguo, wakaanza kuhangaika kupata mlango wa Surat, bandari ya Gujarati, ili wazinunue zinakotoka. Lakini mtaji wa kwanza ulipatikana kwa mizinga.

---

Msafiri_Muscat

Na faida? Walitajirika waliporudi?

---

Pwani_ya_Kale

Meli zote zilikuwa zimesharudi Uingereza kufikia Septemba 1603, na zaidi ya ratili milioni 1 za pilipili. Malkia aliyewapa hati alikuwa amekufa tangu Machi. London kulikuwa na tauni, soko limelala. Mfalme mpya, James I, alimpa Lancaster cheo cha Sir, lakini alikuwa na shehena yake mwenyewe ya pilipili iliyotokana na ngawira nyingine, na akataka yake iuzwe kwanza. Kwa hiyo pilipili iliyonunuliwa kwa nguo zilizotekwa ikakaa ghalani kupisha pilipili iliyotekwa, na baadhi ya wenye hisa wakalipwa gawio lao kwa magunia ya pilipili badala ya pauni. Agosti 1604 amani na Hispania ikatiwa saini London, na hati zile zikakosa kazi.